Baba A, mama B, mtoto katoka O – hii inawezekana?

Nahodha_Langoni (Lamu)

Asalam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada wa mwenye elimu ya haya mambo, wa kunicheka akae kando tafadhali. Mke wangu kajifungua mtoto wa pili mwezi huu, mama na mtoto wazima alhamdulillah. Sasa mtoto alipimwa damu na kwenye kitabu cha kliniki ikaandikwa O+. Mimi ni A+, hilo nina hakika nalo manake nishatoa damu na kadi ninayo kwenye waleti, na mke wangu ni B-, imeandikwa kitabu hicho hicho kurasa za mwanzo. Shangazi yangu kaja kutazama mtoto, akaomba kitabu ati aone kilo, kumbe macho yako kwengine, mara akauliza mbele ya wageni, "Baba A, mama B, hii O imetoka kwa nani?" Watu kimya. Mke wangu akainuka akaingia ndani na mtoto wake.

Mimi simshuku mke wangu hata chembe, hilo niliseme mapema. Lakini maneno ya Lamu mwayajua, likitoka Langoni asubuhi, alasiri liko Shela limeshavaa kanzu. Nataka nimjibu shangazi kwa kitu kinachoeleweka sio kwa hasira. Je O inaweza kutoka kwa A na B?

mamaZ_Shela

Hongereni na mtoto, Mungu amkuze. Ndugu yangu shangazi wa kusoma kitabu cha kliniki cha mzazi huyo mpe kahawa, mpe na halwa, msindikize mlangoni. Mimi na baba Z wote ni A, na mtoto wetu wa tatu ni O, hata nesi hakushtuka, kaandika akapita. Kuelezea kwa nini ndo siwezi, ngojea wenye kazi zao waamke.

Chui_wa_Maweni (Malindi)

Mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Hesabu ni rahisi, A ukichanganya na B unapata AB. O ni sufuri, haina kitu, sasa wazazi wawili wenye kitu watatoaje mtoto asiye na kitu?? Kapime DNA bro usidanganywe na watu wa kuliwaza.

Mzee_wa_Barza

Wewe Chui punguza kasi. Kumsingizia mke wa mtu ni jambo zito kwenye dini yetu, na mtoto ni wa firashi, yaani wa mwenye ndoa, hili hata walio nje ya chuo walijua. Sisi zamani tulikuwa tukitazama kisogo na vidole vya miguu basi, na waliofanana na babu wa upande wa mama walikuwa wengi tu na hakuna aliyeita mkutano. Ila na mimi ningependa kusikia mtaalamu, manake sijui.

Tone_la_Damu (Malindi)

Niko maabara hapa Malindi, hii ndo kazi yangu ya kila siku, na hili swali naulizwa sana tena mara nyingi kwa kunong'onezwa mlangoni. Jibu fupi: ndio, inawezekana kabisa, wala sio ajabu. Sasa niruhusuni nirefushe.

Chui umesoma nusu ya somo. Unachokisoma kwenye kadi ni kile damu *inachoonyesha*, sio vyote *ilivyobeba*. Nawaelezea ninavyopima. Naweka matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe. La kwanza naliongezea dawa ya buluu, hiyo ni anti-A. La pili ya manjano, anti-B. La tatu ile isiyo na rangi, anti-D, ndo inayotoa zile alama za chanya na hasi. Nakoroga kila moja na kijiti chake, nainamisha kigae huku na huku taratibu. Pale kwenye buluu damu ikishikana ikafanya vipunje vipunje huku maji yake yakijitenga, mtu ni A. Ikishikana kwenye manjano ni B, kote kuwili ni AB, kote kusiposhikana ni O. Sasa hapa ndo penye siri, mtu aliyebeba A mbili atashikana kwenye buluu, na mtu aliyebeba A moja na O moja pia atashikana vile vile, kigae hakioni tofauti. Wote wawili nawaandikia "A" na wanaenda nyumbani.

Kwa nini wabebe mbili? Manake kila jeni, yaani agizo la mwili tunalorithi, tunazo kopi mbili, moja ilitoka kwa baba moja kwa mama. Ya haya makundi ya damu iko kwenye kromosomu namba 9 (kromosomu ni kama nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli). Kopi ya A inatoa maagizo ya kuweka aina fulani ya sukari juu ya chembe nyekundu za damu, kopi ya B inaweka sukari ya aina nyengine, na kopi ya O ni maagizo yaliyoharibika, mara nyingi imekosekana herufi moja tu na kila kinachofuata kikavurugika, kwa hiyo haiweki sukari yoyote. Ukiwa na A moja na O moja, ile A inafanya kazi na damu inaonekana A. O haijaondoka. Imejificha tu hapo pembeni.

Na wakati wa kuzaa, chukulia kila mzazi ana doti yake ya leso, vipande viwili, anakata anampa mtoto kipande kimoja tu na hana uwezo wa kuchagua kipi. Wewe Nahodha ukiwa ni A na O, na mkeo B na O, basi ikikutana A yako na B yake mtoto ni AB, A yako na O yake mtoto ni A, O yako na B yake mtoto ni B, na O yako ikikutana na O yake ndo huyo kijana wenu. Kila moja ina nafasi robo. Yaani nyinyi wawili mnaweza kuzaa kundi lolote kati ya yote manne, nyumba moja.

Ingekuwa wewe umebeba A mbili, au yeye B mbili, hapo O isingetoka. Kwa hiyo nakuuliza: mamako mzazi ni kundi gani kama unajua? Na yule mtoto wa kwanza?

Na jengine, nakuomba ufungue hicho kitabu ukurasa wa kujifungua uangalie kama kuna sindano ya anti-D imeandikwa. Hilo kwangu lina uzito kuliko hiyo O. Nitarudi zamu ikiisha.

Nahodha_Langoni (Lamu)

Ahsante sana ndugu yangu. Mama ni O, hilo tunalijua sote nyumbani manake alipofanyiwa operesheni tulizunguka kutafuta watu wa O. Mkubwa nimemuuliza mamake akasema ni A-, iko kwenye kitabu chake cha zamani. Hiyo ya sindano nitaangalia kitabu kikipatikana, saa hii kiko kwa mama mkwe, naona kimefichwa shangazi asikione tena.

Tone_la_Damu (Malindi)

Basi kesi imekwisha na hukuhitaji hata kupima kitu, sikiliza.

Mamako ni O, maana yake hana kingine cha kukupa ila O. Kwa hiyo wewe lazima umebeba O moja, ile A umeipata kwa babako. Wewe ni AO, hakuna mjadala. Njoo kwa mkeo. Yeye ni B, na kazaa mtoto wa A. Huyo mtoto mkubwa alipewa nini na mamake? Sio A, mama hana. Sio B, angempa B mtoto angekuwa B au AB. Kilichobaki ni O. Kwa hiyo mkeo ni BO, na huyo mtoto mkubwa alikuwa ni ushahidi unatembea nyumbani mwenu miaka yote hiyo. Nyote wawili mlikuwa na O zenu kabla huyu mdogo hajafikiriwa.

Ila nisije nikaonekana wakili wa mtu, niseme na upande wa pili. Kundi la damu linaweza kumtoa mtu lakini haliwezi kumthibitisha. Likikubali, linasema "inawezekana" tu, manake wenye O mjini ni wengi. Mzazi wa AB kwa kawaida hapati mtoto wa O, na mzazi wa O kwa kawaida hapati mtoto wa AB. Nasema kwa kawaida manake hata hapo kuna vituko, mwaka 1952 madaktari wa Bombay, siku hizi Mumbai, walieleza watu ambao kwenye kipimo wanaonekana O na huku jeni ya A au B wanayo, shida ni kwamba ule msingi ambao sukari ingekaa juu yake mwilini mwao haupo. Ni wachache sana, na wengi waliopatikana wana asili ya huko, lakini ndo sababu mtu wa maabara mwenye akili zake havunji ndoa kwa kigae.

Chui_wa_Maweni (Malindi)

Sawa nimeelewa hiyo ya mama kuwa O, imekaa. Lakini hizi si nadharia tu za wazungu?

Ticha_wa_Bio (Malindi)

Nadharia iliyohesabiwa ndugu yangu. Naingia hapa manake hilo kosa la Chui nalikuta darasani kila mwaka, mtoto anadhani sifa za baba na mama zinavurugwa pamoja na ile iliyofifia imepotea milele.

Kuna mtawa akiitwa Gregor Mendel, mji wa Brno, sasa ni Jamhuri ya Cheki. Miaka ya 1850 na 1860 alikuwa akipanda njegere kwenye bustani ya nyumba ya watawa (minji kwa watu wa bara). Akachukua njegere za mbegu mviringo akazichavusha na za mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza zote zikatoka mviringo, ungesema ile mikunjo imekufa na kuzikwa. Yeye akaziacha hizo zijichavushe zenyewe kisha akakaa kuhesabu, na hapa ndo namheshimu, manake wengine walikuwa wanatazama tu, yeye kahesabu mbegu moja moja: 5,474 mviringo, 1,850 zimekunjamana. Tatu kwa moja karibu sawa. Mikunjo ilikuwa imejificha kizazi kizima halafu ikarudi, na imerudi kamili, haijapunguka hata kidogo. Akajaribu sifa saba na hesabu ikawa ile ile. Akachapisha 1866, watu wakaipita, akafariki 1884 bila kusifiwa kwa hilo, mpaka 1900 ndo wanasayansi wengine wakalifikia jambo lile lile wakakuta yeye kashalimaliza.

Makundi ya damu yenyewe Karl Landsteiner aliyaeleza Vienna 1901, na 1924 mtaalamu wa hesabu wa Ujerumani, Felix Bernstein, akaonyesha kwamba A, B na O ni sura tatu za jeni moja. Ona tofauti lakini na njegere: A na B hakuna anayemfunika mwenzake, wakikutana wote wanaonekana. O ndo anayefunikwa na wote wawili.

Na hiyo robo robo aliyosema Tone msiishike vibaya. Robo ni ya kila mimba upya. Haimaanishi ukizaa wanne lazima utapata mmoja mmoja kwa kila kundi, wala mimba ya nne haijui watatu wa kwanza walitoka vipi.

mamaZ_Shela

Ticha hapo umegusa kitu. Kwa hiyo ndo vile vile selimundu (sickle cell)? Kuna jirani yangu yeye mzima mumewe mzima, mtoto kila mara mikono inamvimba analia na maumivu ya mifupa, na huku watu wanatafuta ni ukoo gani "umeleta".

Ticha_wa_Bio (Malindi)

Vile vile kabisa, na jibu la "ukoo gani" ni kwamba ni wote wawili. Mwenye kopi moja ya selimundu na moja nzima tunamuita AS, anaishi vizuri tu na pengine hajijui. (Hii A sio ile ya kundi la damu, msichanganye, hapa ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu.) Wakioana AS na AS, kila mimba ina robo ya kupata SS ambaye ndo mgonjwa, nusu ya AS, na robo ya AA ambaye hana kabisa. Kumlaumu mama peke yake, au baba peke yake, hesabu haikubali.

Na pwani yetu iko nyingi kwa sababu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, alipima damu za watu Afrika Mashariki na 1954 akaandika kwamba wabebaji wa kopi moja ni wengi kule kwenye malaria, pwani na kando ya ziwa, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Ile kopi moja inamkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo mababu walioibeba waliponea utotoni wakazaa, ikabaki. Mbili ndo balaa.

Hapa niseme langu ingawa najua nitatukanwa. Sisi tunaoana watoto wa ami na watoto wa khalati, sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe nimezaliwa humo. Lakini mabinamu wa kwanza wana kama sehemu moja ya nane ya jeni kwa pamoja, kwa hiyo kilichojificha kwa babu mmoja kina njia mbili za kukutana kwa mtoto. Kabla ya posa kupelekwa, pimeni himoglobini. Ukumbi mnalipia, mpishi wa biriani mnalipia, kipimo hiki mnakiona ghali?

Mzee_wa_Barza

Hili la kupima nalikubali, na liseme na msikitini.

mamaZ_Shela

Na ile ya ukimchukia mtu wakati wa mimba mtoto anafanana naye je? Manake wifi yangu nilimchukia wallahi na binti yangu ni yeye mtupu.

Ticha_wa_Bio (Malindi)

Hahaha mamaZ, wifi yako ni dada wa mumeo. Jeni za upande ule mtoto anazo hata ungempenda. Yanayompata mzazi nje, chuki, kovu, misuli ya kuvuta nyavu, hayaingii kwenye jeni za mtoto. Tunatahiri watoto wetu vizazi na vizazi na bado wanazaliwa kila mmoja na govi lake.

Paka_wa_Mkomani (Lamu)

Nimekuja kuchelewa ila kwa vile mko hapo, mimi nalisha paka wa mtaa na kitu kimenishangaza, wale wa rangi tatu, nyeupe nyeusi na machungwa, wote ni majike. Ni bahati tu ama?

Ticha_wa_Bio (Malindi)

Sio bahati. Jeni ya rangi ya machungwa iko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja kutoka kwa mamake na Y kutoka kwa babake, basi atakuwa na machungwa au asiwe nayo. Jike ana X mbili, moja inaweza kusema machungwa na nyengine isiseme, na kila seli ya mwili wake inazima X moja mapema tumboni, kwa hiyo pengine inawaka hii pengine ile, ndo hivyo viraka. Dume wa rangi tatu akipatikana mara nyingi ana X ya ziada na hazai. Ukiona dume wa machungwa basi kaipata kwa mamake, babake hakumpa X. Na ndo sababu watu wasiotofautisha nyekundu na kijani wengi ni wanaume, hiyo nayo iko kwenye X, na mtoto wa kiume anarithi kwa mama.

Chui_wa_Maweni (Malindi)

Na rangi ya ngozi? Kwetu baba mmoja mama mmoja, mimi maji ya kunde, ndugu yangu mweupe anaitwa mwarabu.

Ticha_wa_Bio (Malindi)

Hiyo usiitafutie robo robo. Ngozi na urefu vinaendeshwa na jeni nyingi kwa pamoja, kila moja inasukuma kidogo, na urefu una na chakula cha utotoni ndani yake. Ndugu wawili wanachukua mafungu tofauti kwa wazazi wale wale.

Nahodha_Langoni (Lamu)

Kitabu nimekipata. Tone, imeandikwa anti-D, tarehe ni siku ya pili baada ya kujifungua, na kuna sahihi. Mke wangu anasema alidungwa na akaambiwa ni ya damu yake lakini hakuelezwa zaidi. Ni ya nini hasa? Na shangazi nimemueleza ile ya mama kuwa O, alinyamaza kidogo akasema basi huyo mtoto kamrithi bibi yake, na sasa ndo anavyowaambia watu.

Tone_la_Damu (Malindi)

Hapo roho yangu imetulia, ilitakiwa ndani ya masaa 72 na imepatikana.

Ile alama ya kutoa kwa mkeo maana yake hana D kwenye chembe zake, D ndo kile kitu kinachomfanya mtu aitwe chanya. Hasi ndo inayojificha, kwa hiyo mwenye hasi kabeba hasi mbili. Mtoto huyu ni chanya, chanya kaipata kwako. Wakati wa kuzaa damu ya mtoto kidogo huingia kwa mama, na mwili wa mama usioijua D unaweza kutengeneza kingamwili za kuipiga. Huyu aliyezaliwa hadhuriki, ila mimba ijayo ikiwa chanya zile kingamwili zinavuka kwenda kushambulia damu ya mtoto tumboni. Sindano inazisafisha zile chembe kabla mwili wa mama haujajifunza. Kwa mkubwa haikuwa shida manake ni A-, hakuwa na D ya kumshtua mama.

Na huyo huyo mkubwa katuambia na kitu chengine juu yako: kuwa hasi, lazima na wewe ulimpa hasi moja. Kwa hiyo wewe umebeba chanya moja na hasi moja, na kila mimba ijayo ni nusu kwa nusu. Mkijaaliwa nyengine aende kliniki mapema apimwe kingamwili, zikiwa hazipo adungwe tena karibu na wiki ya 28, na baada ya kujifungua mtoto apimwe, akiwa chanya mama adungwe ndani ya masaa 72. Waambie kliniki mapema kabisa kwamba ni B- manake sindano yenyewe sio kila siku iko kabatini, mara nyengine inaagizwa. Na kitabu kisipotee, hata kama kinafichwa.

Nahodha_Langoni (Lamu)

Nimempigia picha kurasa zote mbili ziko kwenye simu yake na yangu. Shukran jazila.